Sanduku la Mama

Jumatano, 8 Oktoba 1997. Nalufenya, Jinja

Leo ni siku ya kumi na moja tangu niitwe mke wa Gaster Mafabi, na kila nikiliandika jina hilo mkono wangu unataka kuchora maua pembeni. Nimeyachora. Daftari ni langu.

Zamani lilikuwa daftari la kamati ya harusi. Kurasa nne za mwanzo zina majina ya waliochangia, zilizobaki ni nyeupe, nami nitazijaza kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyokulia kwenye kota za magereza. Kule Msamia, Mteso na Mwacholi hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania bomba la maji. Mama mkwe wangu anasema Kiswahili ni lugha ya watu wenye bunduki. Gaster anasema ndiyo lugha niliyomwambia nampenda, kwa hiyo imeshatubu.

Jambo kubwa la leo: tumekataa makochi.

Michango ya harusi ilibaki laki tisa. Jumapili, kule Malukhu, Mbale, baba mdogo Yekosofati, ambaye ni mdogo wake marehemu baba mkwe, alisimama akazigawa kama vile zimetoka mfukoni mwake: makochi ya watu sita, meza ya kioo, kabati la vyombo. "Tarehe moja Januari ukoo wote unakwenda Jinja kuona nyumba ya mtoto wetu," akasema. "Mimi sitakaa chini kama mfungwa, hata kama baba ya bibi ni afande wa magereza." Watu wakacheka. Baba yangu naye akacheka, lakini nilimwona anakaza mkanda. Kisha Yekosofati akanigeukia: "Na nikikuta nyumba haina viti, nitasimama mlangoni niambie watu, huyu si mke, huyu amekula harusi."

Sisi tutajenga kompyuta. Wala si ya kupigia chapa barua za watu. Ya gemu! Nimeandika, na kalamu haina kifutio.


Alhamisi, 9 Oktoba

Nieleze, nisije nikazeeka nikadhani tulirogwa.

Kabla ya harusi nilikuwa napiga chapa kwenye ofisi moja hapa mjini. Kompyuta ya bosi ilikuwa na gemu ya ndege, na kazi ikiisha alikuwa ananiruhusu nirushe kidogo. Mwezi wa sita stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, iliharibika, akaja fundi na mkoba wake. Akasema, "Dada, zima nifungue." Nami bila kugeuka nikamjibu, "Ngoja kwanza nitue."

Mwanamume mwingine angechomoa waya. Yeye alikaa juu ya bunda la karatasi akangoja. Nilikuja upande upande, tairi moja kwenye majani, nikatua. Akasema, "Umetua vibaya. Lakini umetua."

Nilizima kompyuta, na moyoni mwangu kila kitu kikawaka.

Wiki moja kabla ya harusi alinunua kompyuta kuukuu kwenye mnada wa ofisi iliyofungwa, akaniletea mikononi kama mtu aliyebeba keki. Ndege ndani yake inakwenda kama inavuta jembe, na milima inakuja vipande vipande. "Hii ni mbegu," aliniambia. "Tutaibadilisha kiungo kwa kiungo mpaka ikimbie." Basi mimi nitakaa kwenye kochi la nani wakati mume wangu ameniahidi mbingu?


Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya kanisa tulilala kifudifudi mkekani tukapanga. Furaha yangu haina mfuniko. Ndani ya kompyuta kuna bodi kubwa ambayo vitu vingine vyote huchomekwa juu yake. Mafundi dukani kwao wanaiita mama, kwa sababu ndiyo inayowabeba wengine. "Huyu mama wetu wa mnadani amezeeka," Gaster alisema, "lakini atavumilia. Pesa twende nazo kwenye kadi ya picha."

Kadi ya picha ndiyo inayochora milima na mawingu. Muhamad anaweza kuitoa Nairobi. Yeye ni dereva wa lori la mizigo: huondoka Jinja, hupita Mbale, huvuka Malaba, na hurudi njia ileile baada ya siku nane au tisa.

Nikauliza habari ya stabilaiza, maana umeme wetu unaruka kama mbuzi, na bwawa lenyewe la umeme tunalisikia kutoka hapa. Gaster akasema atasuka ya kwake siku moja akipata nafasi. Mimi nikasema stabilaiza inakaa kama kochi, haichezi, na tukaifuta. Huo ndio msimamo wetu sasa. Kila kitu tunakiuliza: wewe unacheza, au unakaa tu? Kinachokaa tu hakipati kitu.


Jumatano, 15 Oktoba

Jirani yangu Gorreti ameniletea zawadi: vitambaa sita vya makochi, amevishona kwa mkono, vya rangi ya maziwa, vina tausi katikati.

"Nyabo, dada yangu, makochi yanakuja lini?"

"Hayaji."

"Mmekosa pesa?"

"Pesa tunazo."

Akanitazama kama mtu aliyeniona nikila sabuni.


Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua.


Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Redioni wanasema ni El Nino. Gorreti anasema ni dhambi za watu, halafu ananiangalia.


Jumapili, 26 Oktoba

Gaster amepata kazi Mbale, wiki tatu, kutengeneza televisheni za hoteli. Atalala kwa mama yake Malukhu. Nimelipiga pasi shati lake la buluu mara mbili bila sababu. Kwenye kizingiti aliniambia, "Usimwachie mtu usukani." Nimebaki na mvua, mama kuukuu na ndege inayovuta jembe, na kila anayenipa pole namwambia sihitaji pole, mume wangu amekwenda kunitafutia mawingu.


Jumamosi, 1 Novemba

Barua kutoka Mbale, kwa mkono wa Muhamad. Gaster anasema mlima hauonekani wiki nzima na barabara ya soko imekuwa uji. Anasema baba mdogo Yekosofati amempata seremala wa makochi na anataka malipo ya awali. Gaster amemjibu: "Baba, pesa ina safari." Namna ninavyompenda huyu mtu!

Mwisho wa barua: "Mama anauliza kama unakula."

Mama Metrine, mama yake, ni mjane, anauza samaki wa kukaushwa sokoni. Tangu harusi ameniambia maneno matatu. Sijui kama swali la kula ni la wema au la kunihesabia.


Jumatano, 5 Novemba

Nimefanya vibaya. Naandika polepole ili iingie.

Mchana mawingu yalishuka mpaka kwenye paa. Nilikuwa hewani. Ilikuwa safari yangu nzuri kuliko zote: nimevuka milima bila kugusa, uwanja nauona, magurudumu nimeshusha. Ngurumo ya kwanza nikasema bado iko mbali. Ya pili, Gorreti alipiga kelele kutoka kwake, "Mama Kompyuta, chomoa waya!" Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Ngoja kwanza nitue!"

Radi ilipiga kwenye nguzo ya barabarani. Nilisikia tap, kama mtu aliyevunja kijiti, kisha harufu ya plastiki ikaja. Skrini ikawa nyeusi.

Nimefungua kama Gaster alivyonifundisha. Skrini iko salama: nimeijaribu kwa jirani wa tatu na taa yake inawaka. Lakini mama amekufa. Ana doa jeusi ubavuni, ukubwa wa sarafu. Kumbe ile stabilaiza niliyoiita kochi ndiyo ingesimama mlangoni.

Gorreti alikuja na mwavuli. Hakusema, "Nilikuambia." Alinifungia khanga mabegani akatoka. Hilo liliniuma zaidi.


Alhamisi, 6 Novemba

Nimelia mpaka saa nne asubuhi, halafu nimeacha. Nimekosa, lakini kukosa si kushindwa. Yekosofati hatapata makochi kwa sababu ya radi moja.

Nimempangia Gaster upya wapi pesa ziende. Mama mpya wa Nairobi, mzuri, mwenye nafasi ya kubeba. Stabilaiza ya dukani, si ya kusuka. Kadi ya picha ya kiasi, si ile ya kifahari tuliyoiota. Na tubane kwingine kote. Tena boksi la nje, lile la dukani linalong'aa, silitaki kabisa: ninalo sanduku langu la bati la shule ya bweni, limeandikwa jina langu kwa rangi nyeupe. Likitobolewa matundu ya feni litatosha. Spika tutatumia za redio ya zamani.

Muhamad anaondoka kesho asubuhi, na barua amepita kuichukua jioni hii. Nimeandika karatasi mbili. Ya kwanza ni ya radi, na ya kuomba msamaha. Ya pili ni ya mpango, nimeiandika Muhamad akipiga honi, na naikumbuka neno kwa neno kwa sababu niliisoma mara tatu:

"Gaster wangu, moyo wangu. Yule mama wa zamani usipoteze hata shilingi kumtibu. Amekwisha. Tutafute mama mpya, na kwake tusibane mkono. Sanduku lisikuumize kichwa. Lile kuukuu la bati linatosha, fundi yeyote wa Namatala atalitoboa kwa bei ya soda. Nani ataliangalia sanduku? Muhimu mama alale vizuri ndani, na misumari isikazwe sana asije akapasuka. Makochi yao wasahau. Siku tutakayomfunga mama ndani ya sanduku, hapo ndipo raha yetu itaanza. Nakubusu mara elfu. B."


Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Hakuna habari. Nimefunika skrini kwa kitambaa cha tausi. Inapendeza kuliko kochi.


Jumanne, 11 Novemba

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Kabla ya saa sita nilisikia mtu kibarazani. Nikafungua. Amesimama Mama Metrine, mvua inamtiririka kwenye gomesi, gauni lake refu la kanisani, viatu mkononi. Nyuma yake Yekosofati ameshika mwavuli, anajifunika mwenyewe. Mama alikuwa na kavera, mfuko wa plastiki, kifuani, ameikumbatia kama mtoto.

Nikapiga magoti. "Karibu Mama, karibu Baba. Ingieni, mmelowa."

Hakuingia. "Mimi natoka Mbale na basi ya kwanza," akasema. "Nimekuja kuona sanduku yangu."

Nikadhani Gaster amemsimulia habari za kompyuta, naye amefurahi hata akaja kutazama. Nikafurahi! Nikasema, "Lipo ndani, Mama. Ila bado halijatobolewa matundu."

"Matundu ya nini?"

"Ya hewa, Mama. Bila hewa atashikwa na joto mle ndani."

Yekosofati akapiga mwavuli chini. "Umesikia! Umesikia na masikio yako! Hata haogopi!"

"Na mama mpya," Mama Metrine akauliza polepole, "huyo iko wapi?"

"Anatoka Nairobi. Muhamad anamleta kwenye lori."

"Kwenye lori," akarudia.

"Amefungwa vizuri, Mama. Kwenye boksi lenye sponji."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika hivyo. Akafungua kavera, akatoa karatasi, akaniwekea mkononi. Ilikuwa barua yangu, karatasi ya pili. Yekosofati akaanza kunisomea bila kuitazama, maana alikuwa ameshaihifadhi. Alikuwa mpishi kwenye kambi ya polisi zamani, na Malukhu nzima ndiye anayejulikana kwa Kiswahili. "Mama ya zamani usimtibu! Amekwisha! Sanduku ya bati, nani ataangalia! Tukifunga mama ndani ya sanduku, raha inaanza! Wewe binti ya afande, mama ya watu ni mbwa?"

Hapo ndipo niliielewa barua yangu mwenyewe.

Nikajaribu kucheka, ikatoka sauti ya kuku. "Karatasi ya kwanza iko wapi?"

"Ilikuwa maji tupu," akasema Yekosofati. "Bahasha ililowa kwa lori. Nikafungua nianike."

"Barua ya mtu mwingine?"

"Ya mtoto yangu!"

Sikubishana tena. Nilikimbia ndani, nikaliburuta sanduku langu la bati mpaka mlangoni, na juu yake nikaweka mama aliyekufa, amefunikwa kitambaa cha tausi. Nikamfunua.

"Mama wa zamani ni huyu. Alipigwa na radi siku ya Jumatano, na kosa ni langu. Mafundi wanamwita mama kwa sababu anabeba wengine. Sanduku ni langu la shule, soma jina. Mama Metrine, nife leo kama niliandika juu yako."

Mvua ilikuwa inapiga kwenye bati la kibaraza hata ilibidi nipige kelele, na majirani wote walisikia, Gorreti wa kwanza.

Mama Metrine aliweka viatu chini. Akamshika yule mama kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga. Aliangalia vile vinyumba vidogo vyeusi na vinjia vya shaba kwa muda mrefu. "Kama Mbale," akasema mwishowe, "mtu akiwa kule juu mlimani." Akagusa lile doa jeusi. "Hapa ndipo ilipiga?"

"Hapo, Mama."

Akaingia ndani, akakaa mkekani, akalia. Hakucheka wala kunitukana. Alilia kimya na mgongo umenyooka. Nilimpa khanga kavu na chai. Yekosofati alizunguka chumba akitafuta pa kukaa, hakupata, akaegemea dirisha.

"Siku mbili mimi nimekuwa maiti," akasema. "Nimegawa vyombo. Sufuria kubwa nimempa dada yangu. Mwanangu hata sikumuuliza, niliogopa atasema kweli."

Nikambusu mikono. Ilikuwa inanuka samaki na sabuni.

Kisha akauliza, "Hii kitu inafanya nini?"

Nikamwambia. Ndege, milima, kutua. Sikuongeza kwamba itatuletea biashara, ingawa ulimi ulitaka. Nikasema, "Ni ya kucheza, Mama. Mimi na Gaster. Tunapenda tu."

Yekosofati akacheka puani. "Kucheza! Pesa ya ukoo! Mtoto wa watu atakaa juu ya ndege? Kochi ni heshima!"

Na hapo Mama Metrine alisema yale ninayotaka wajukuu wangu wayasome. Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni na Kigisu katikati, naandika nilivyoelewa.

Alisema, alipoolewa, watu walichanga. Alitaka cherehani. Alikuwa ameiona kwa Mhindi mjini, ilikuwa na kanyagio la chuma, na alikuwa anapita kila Ijumaa kuitazama. Ukoo ukasema cherehani ni mchezo wa wasichana, ukanunua viti vinane na meza. "Viti nane," akasema akimtazama shemeji yake. "Mimi nilikaa lini? Nilikuwa jikoni. Ni ninyi mlikaa. Wewe, Yekosofati, ulikaa kwa ile yenye mikono mpaka ikavunjika."

Yekosofati akasema, "Shemeji, hayo ni ya zamani."

"Ya zamani, ndiyo. Mama ya zamani," akasema, na kwa mara ya kwanza kona ya mdomo wake ikacheza. Akanigeukia. "Mwanangu, wewe usinunue viti."

Alasiri Gaster aliingia mbio, matope mpaka magotini. Muhamad, ambaye lori lake lilikuwa bado limekwama kwa matope Mbale, alikuwa amemwambia kwamba amewaona wazee wake kwenye kituo cha basi. Alitukuta mkekani, mama yake anakula mihogo, mimi macho yamevimba. Alipoielewa barua alianza kucheka, mama yake akampiga kofi la bega, naye akaacha, kisha wote wawili wakacheka mpaka chai ikamwagika. Yekosofati peke yake alikuwa anaitazama mvua.

Nilimvuta Gaster jikoni nikamweleza habari ya radi, kwa kuwa karatasi ile ya kwanza hakuwahi kuisoma. Kwamba mama amekufa kwa ukaidi wangu. Kwamba niliitwa nichomoe waya nikakataa kwa sababu nilikuwa nashuka. Nilingoja, nikitazama sakafu.

Akaniuliza swali moja tu.

"Ulitua?"


Jumatano, 12 Novemba

Wazee wamerudi Mbale na basi la asubuhi, na Gaster pamoja nao, amechukua mpango wangu ampe Muhamad na pesa kabla hajavuka Malaba. Yekosofati akiwa mlangoni: "Tarehe moja nitakuja. Nikikosa kiti, nitasema mbele ya watu niliyoahidi kusema." Nikamjibu, "Njoo, Baba. Mkeka ni mpana."


Jumamosi, 22 Novemba

Muhamad amekwama. Daraja moja upande wa Kenya limekwenda na maji.


Jumapili, 30 Novemba

Bado.


Jumatatu, 8 Desemba

Muhamad amefika! Lori matope mpaka kwenye vioo, na yeye mwenyewe amekonda. Amelala wiki mbili na zaidi barabarani na boksi letu chini ya kiti chake, "kwa sababu, bibi, uliniambia ni mama."

Mama mpya ni kijani kibichi kama majani ya kahawa. Stabilaiza ni nzito, mbaya, imechukua pesa nyingi kuliko kadi ya picha, nami nimeibusu. Gaster aliitazama ile kadi ndogo, akaigeuzageuza. Nilijua anaiona ile kubwa. "Milima itakuwa na pembe pembe," akasema. Nikamwambia milima ya kweli nayo ina pembe. Akaniinua akanizungusha hata nikapiga mguu kwenye spika.


Jumapili, 14 Desemba

Sanduku limerudi kutoka Namatala, kule Mbale. Gaster alilipeleka mwenyewe. Fundi wa bati amekata matundu kama maua, hakuulizwa, na hakutoza zaidi. Alichouliza ni kama ndani atakaa kuku.

Mama Metrine ametuma samaki na ujumbe: "Huyo mama mpya, jina yake nani?"

Hatukuwa tumefikiri. Gaster akachukua brashi. Juu ya sanduku palikuwa pameandikwa B. WABWIRE, S.1, 1990. Sasa chini yake pameandikwa METRINE.


Jumanne, 16 Desemba

INAKIMBIA. Mawingu yana kivuli! Gaster analia. Mimi nalia. Gorreti amekuja kuuliza nani amekufa.


Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku, mume wangu.


Jumatatu, 29 Desemba

Gorreti anasema niazime viti vyake vinne, bado sijachelewa, hakuna atakayejua. Kwa dakika moja nilitaka, maana ni siku tatu tu zimebaki na usingizi umenipungua. Namwona Yekosofati mlangoni amenyoosha kidole, nasikia neno lake, amekula harusi, na ukoo wote unalibeba kulipeleka Mbale nyumba kwa nyumba. Kisha nikakumbuka viti vinane. Nimemwambia asante, hapana. Nimefua mikeka yote miwili, na nimeazima wa tatu.


Alhamisi, 1 Januari 1998

Walikuja na pikapu, watu kumi na nne, mvua imepumzika kidogo. Yekosofati alitangulia amevaa koti. Alisimama mlangoni kama alivyoahidi, akahesabu kwa kidole vitu visivyokuwepo. Kiti, hakuna. Meza, hakuna. Kabati, hakuna. Akageuka kuwaelekea watu, akavuta pumzi.

"Watu wa nyumbani," akaanza, "mnaona na macho yenu..."

Mama Metrine akampita. Hakumsukuma, alimpita tu, kama mtu anayepita mlango wake. Alivua viatu, akaenda katikati ya chumba, akakaa mkekani, akanyoosha miguu. Kisha akapiga mkono pembeni yake. "Mbona mmesimama? Kaeni. Makochi iko ndani ya sanduku, imeandikwa jina yangu."

Dada yake akakaa. Shangazi wawili wakakaa. Watoto walishajaa mbele ya skrini. Gaster akawasha stabilaiza, ikatoa ule mlio wake wa nyuki, akanipa kiti pekee kilichopo, debe lililogeuzwa lenye kitambaa cha tausi. "Rubani," akasema mbele ya ukoo wake wote.

Nikaruka. Sikuwahi kuruka nikitazamwa. Chumba kilikuwa kimya hata nilisikia feni ikipumua kwenye yale maua ya bati. Tulipita juu ya maji, shangazi mmoja akashika mkeka. Tulipita kati ya milima yenye pembe pembe, mtoto akasema, "Ile ni kwetu!" na hakuna aliyembishia.

Uwanja ulikuwa umeshaonekana Yekosofati alipokohoa mlangoni. Alikuwa bado amesimama, peke yake. "Gaster! Zima hiyo kitu. Nina neno la kusema mbele ya ukoo."

Mimi niligeuza kichwa, vidole bado kwenye vidude vya kibodi. Gaster alifungua mdomo. Mama yake akatuwahi sote wawili.

Mama Metrine hakugeuza hata shingo. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, mkono mmoja juu ya sanduku kama mtu anayemshika mtoto asianguke.

"Shemeji, nyamaza," akasema. "Ngoja kwanza atue."